Pikapu ya Marehemu Mukhisa

Waithera alianza ufundi wa magari Kitale enzi zile ambapo mteja akimwona mwanamke anatoka chini ya gari, anamuuliza fundi ameenda wapi. Alizaliwa Kachibora, kwa watu waliohamia huko kulima mahindi, na kazi alijifunzia kwenye trekta ya babake, ambayo ilikuwa ikikwama kila msimu wa kupanda. Sasa kichwa kimejaa mvi na miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Gereji yake ni kiwanja kilichozungushiwa mabati, kando ya barabara. Dereva akija kumwambia gari lake limerogwa, humjibu vilevile siku zote: "Gari ni mafuta, moto na hewa. Nionyeshe hapo ni gani imerogwa."

Mzee Mukhisa, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Chwele, ndiye mteja wa kwanza aliyemwachia gari akaenda zake kunywa chai, badala ya kusimama pale kumchunga. Ilikuwa pikapu ya Peugeot, nyeupe, ya zamani hata wakati ule. Tangu hapo hakuipeleka kwa fundi mwingine. Alikuwa akimwita "Waithela", kama watu wengi wa kwao wanavyobadilisha r kuwa l, na Waithera hakuwahi kumrekebisha.

Kwa hiyo simu ilipolia asubuhi moja ya Ijumaa, na Hillary, mwanawe Mukhisa, akasema mzee alifariki wiki iliyopita na mazishi ni kesho, Waithera aliketi kwanza juu ya tairi kuukuu.

"Pole sana, Hillary. Sikusikia."

"Asante, mama. Lakini kuna shida ingine. Mzee alisema zamani, asibebwe na gari ya kukodi. Arudishwe nyumbani na yake. Sasa imekataa kuwaka. Nimenunua betri mpya, mafundi wa hapa wote wamejaribu. Watu wameanza kusema mzee hataki kuzikwa."

"Watu waache hayo. Nakuja."

Chwele alikuta ukungu umeshuka kutoka Mlima Elgon, mzito, wa kulowesha nguo. Pikapu ilikuwa chini ya kibanda nyuma ya nyumba. Waombolezaji walikuwa wamekaa upande wa pili wa boma, mbali nayo, na viti vyote walikuwa wamevigeuza ili wasiitazame. Mbwa wa mzee alikuwa amelala mbele ya mlango wa dereva. Hakubweka. Alimtazama Waithera, kisha akainua macho kuuangalia mlango, kama mbwa anayengoja mtu ashuke.

Mjane, Wilkista, alikuja na kitenge begani. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

"Mama Kang'ethe, umekuja," Wilkista alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Nimekuja, Mama Hillary. Ilikuwaje?"

Wilkista alieleza kwa sauti ya chini. Jioni ile mzee alitoka sokoni, akaegesha gari, akafungua boneti kama kawaida yake. Alimsikia akiita mara moja. Alipofika alimkuta ameanguka kando ya gurudumu. Jirani aliwabeba kwa gari lake hadi hospitali Bungoma, lakini mzee alikata roho njiani. "Niliporudi nyumbani boneti ilikuwa bado wazi. Nikaifunga mimi mwenyewe."

Waithera alilizunguka gari. Vioo vilikuwa vimefungwa, na kwa ndani vilikuwa na mvuke, kama vya gari ambalo mtu amelala ndani yake usiku kucha. Alifungua mlango. Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya ugoro na ng'ombe. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea. Aliingiza mkono chini ya zulia la sakafuni, akalikuta limelowa. Basi, huo ndio mvuke, alijiambia. Na kiti cha miaka yote hiyo kingekosaje kubonyea? Hata hivyo hakukikalia. Alisimama nje, akanyoosha mkono na kuzungusha ufunguo.

Stata iliitikia vizuri. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikazunguka, ikazunguka, bila kushika. Alipoachia ufunguo, wiper za kioo ziliendelea kutembea, taratibu, moja na nyingine, kisha zikasimama katikati. Nyuma yake mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti.

"Ni waya," Waithera alisema. "Swichi imezeeka."

Betri ilikuwa sawa. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, Hillary akazungusha ufunguo, petroli ikaruka. Hewa haikuwa na kizuizi. Ulibaki moto. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, wakazungusha tena. Hakukuwa na cheche. Akajaribu ya pili na ya tatu. Zote zilikuwa mpya, zimelowa petroli, bila cheche. Akajaribu waya unaotoka kwenye koili, huo ukatoa cheche kali ya bluu. Kwa hiyo moto ulikuwa ukitoka kwenye koili na kupotea kabla ya kufika kwenye plagi, na katikati hapo kuna kitu kimoja tu, distributa.

Alifungua vibanio viwili, akainua kofia ya distributa. Ndani palikuwa patupu. Rota haikuwepo, kile kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, ambacho huzunguka na kuigawia kila plagi moto wake. Mafundi wa pale walikuwa wamebadilisha betri na plagi. Hakuna aliyefikiria kuinua ile kofia.

Hapo Waithera alikumbuka. Zamani, magari yalipokuwa yakiibwa sana Kitale, yeye ndiye aliyemfundisha mzee kuitoa rota kila anapoegesha. Mwizi hata awe na ufunguo, atazungusha mpaka betri ife.

"Nguo za mzee za siku ile ziko wapi?"

Zililetwa. Mifukoni mlikuwa na kitambaa na kopo la ugoro. Walitafuta kwenye nyasi, chini ya gari, ndani ya buti zake. Waithera alipiga simu kwa wauza vipuri Kitale, akapiga Eldoret. Rota ya gari la umri ule ingeagizwa Nairobi, ifike wiki ijayo.

Wilkista alikuwa amesimama ameshika mdomo.

"Mkono wake wa kushoto," alisema hatimaye. "Alishika ngumi. Kule mochari walisema imekataa kufunguka. Jana wakati wa kumvalisha walijaribu tena, wakaacha."

Hillary aliangalia chini. "Mimi siwezi," alisema. "Ni baba yangu. Siwezi kumlazimisha mkono."

"Hakuna mtu atamlazimisha," Wilkista alijibu. Akamgeukia Waithera. "Umwendee wewe. Umwombe. Wewe atakusikia."

Hillary alimpeleka Bungoma kwa gari la rafiki yake. Mhudumu wa mochari, mwanamume mnene aliyevaa gambuti, aliwaingiza kwenye chumba cha vigae ambamo mzee alikuwa amelazwa tayari ndani ya suti. Hillary alibaki mlangoni. Baridi ya chumba ilipenya mpaka kwenye meno.

Uso ulikuwa ule ule, umekonda kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka. Wa kushoto ulikuwa ngumi kifuani, vifundo vyeupe, kama mtu aliyeshika nauli yake katikati ya umati.

Waithera, mama ambaye hakuwahi kuongea hata na injini, alijikuta amevua kofia yake ya kazi.

"Mzee, ni mimi, Waithela," alisema, akilitamka jina kama mzee alivyolitamka. "Nipatie rota. Nikupeleke nyumbani."

Akaweka kiganja juu ya ngumi ile. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hakuvuta. Alihisi vidole vikilegea chini ya vyake, kimoja baada ya kingine, kuanzia kile kidogo cha mwisho. Mhudumu alirudi nyuma akagonga meza.

"Jana tulijaribu watu wawili," alinong'ona.

Rota ilikuwa pale. Waithera aliichukua, na nusura aiangushe. Ilikuwa na joto. Kila kitu kilikuwa baridi, vigae, suti, kiganja kilichoishika wiki nzima. Lakini ile rota ilikuwa na joto kama imetolewa sasa hivi kwenye injini iliyosafiri mbali. Aliitafutia sababu. Aliitafuta njia nzima ya kurudi Chwele, rota ikiwa mkononi, na hakuipata.

Aliipachika, akafunga kofia, akamwambia Hillary azungushe. Injini ilishika mara ya kwanza. Mbwa aliinuka, akasogea kando kuipisha. Alasiri hiyohiyo mzee Mukhisa alirudi nyumbani kwa pikapu yake, na Jumamosi akazikwa nyuma ya nyumba, watu wakiimba.

Rota mpya ilipofika kutoka Nairobi, Waithera alienda kuifunga. Ile ya zamani haikuwa na kasoro; ni yeye hakutaka kuigusa tena kila mara pikapu inapokuja kwake. Aliitoa kwa kitambaa. Wilkista alikinga mkono.

"Hiyo ni yake."

Walikwenda wote wawili hadi kaburini. Udongo ulikuwa bado laini. Wilkista alipiga magoti, akachimba kwa vidole upande wa kichwa, akaiweka, akafukia na kubonyeza.

"Sasa lala, Baba Hillary," alisema. "Hakuna mtu ataiba gari."

Kisha Wilkista akaomba asaidiwe kuinuka, kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma, na wakaenda jikoni kutafuta maji ya kunawa.