Futikamba Juu ya Mabutu

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali moja huko Temeke, nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, nikitegemea kupewa sindano. Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya watoto njiti, mama mfupi asiyecheka, akanipa futikamba. Nikanuna. Fundi cherehani mie? Akanionyesha: pitisha juu ya nyusi, juu ya masikio, zungusha hadi kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa. "Ubongo hauonekani," akaniambia. "Ukitaka kujua kama unakua, pima hapa."

Nyie wauguzi wa leo mna mashine zinazolia kila kona, hongereni. Sie tulikuwa na balbu, mablanketi na vifua vya kina mama. Mtoto wa miezi saba tulimfunga kifuani kwa mamaye, ngozi kwa ngozi, kangaruu tunaita. Kichwa chake kilienea kiganjani mwangu. Nilikuwaga nalalamika mgongo unaniuma, na sasa natamani hata yale maumivu.

Baadaye nikahamishiwa kliniki moja upande wa Chanika, nyumba mpya zikiota katikati ya mihogo. Kazi yangu ikawa kuwafuatilia njiti waliokwisha kuruhusiwa nyumbani. Hapo kuna hesabu lazima uijue. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akifika miezi kumi unamhesabia minane, ndipo unaweka nukta kwenye mchoro wa kadi yake. Ukisahau, unamtisha mama bure. Ukiipenda mno hesabu hiyo, unamdanganya. Mie niliipenda mno.

Janeth alikuwa njiti wa miezi saba, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, watu wa bara, waliokwisha kuzika wawili kabla yake. Alipofika miezi kumi, mama yake alianza kumleta kliniki amependeza kama wanakwenda kanisani: soksi nyeupe, na nywele zimesukwa mabutu ya uzi, kichwa kizima. Kanuni ni kufumua kwanza. Nilijua! Lakini foleni ilikuwa ndefu, mama anatabasamu, nikaona haya kumharibia. Nikapitisha futikamba juu ya mabutu. Nukta ikakaa vizuri kwenye mstari. Mwezi uliofuata vilevile, na wa tatu.

Mama Janeth akaniuliza mbona mtoto bado hakai. Nikamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba njiti ana saa yake, atoe ile miezi miwili, subira yavuta heri. Mdomo wangu huo.

Mara ya nne, Muuguzi Mfawidhi wa kliniki, mwanaume mpole ambaye sikuwahi kumsikia akigomba, alisimama nyuma yangu nikiwa napima. "Sista," akasema, "unapima mtoto au unapima uzi?"

Tukafumua butu moja moja, Janeth analia. Nikapima mara tatu. Kichwa hakikuwa kimeongezeka tangu mara ya mwisho nilipompima bila mabutu.

Mama Janeth alianza kulia kabla sijafungua kinywa. Kumbe mtaani walikuwa wakimsema kwamba mwanawe ana kichwa kidogo, ndiyo maana akawa anamsuka kwa uzi mnene. "Nilitaka kijae, sista," akasema. Nikamwambia yeye hakukosea, kazi ya kufumua ilikuwa yangu.

Daktari wa watoto akaagiza mazoezi ya viungo, chakula cha kutosha, na mtoto aongeleshwe na kuchezeshwa kila siku, maana ubongo mchanga hujifunza upesi zaidi. Nikamuuliza ile miezi mitatu niliyompotezea ingebadilisha nini. Akasema hakuna awezaye kujua. Heri angenitukana.

Nikawa naenda kwao kila Jumamosi. Tulimkalisha kwenye beseni lililojazwa kanga pembeni, tukagonga kijiko kushoto na kulia ageuze shingo. Alipokaa mwenyewe mara ya kwanza, wa rika lake walikuwa wakifukuza kuku. Tulipiga vigelegele majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kisha mwalimu akahamishiwa mkoani. Nikawasindikiza stendi ya Mbezi Luis asubuhi, nikatoa futikamba mkobani. Nilitaka kipimo cha mwisho, nitulie roho. Mama Janeth akanishika mkono.

"Leo usimpime, sista. Mpakate tu."

Nimestaafu sasa. Nyie mliobaki, fumueni nywele, hata mama akinuna, hata foleni ikifika getini. Haya mnayoona ni aibu ndogo yanaweza kumgharimu mtoto.

Namba yao haipatikani siku hizi. Sijui kama Janeth anatembea, sijui kama anasoma. Nikiona binti wa umri wake barabarani, namtazama hadi anaanza kuniogopa. Nimemkumbuka mtoto yule, jamani, kuliko hata niliowazaa, maana wangu nawapigia simu. Pale stendi nilimpakata mpaka kondakta akaanza kutufokea. Janeth alikuwa amelala begani kwangu. Aliposikia sauti ya mama yake akiita, akainua kichwa mwenyewe, bila kushikiliwa, akageuka kumtafuta.