Sweta la Laptopu

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kubembelezwa, kwa hiyo ukikuta nimechanganya mambo humu usinicheke sana. Iliyosoma ni mikono yangu. Mama yangu alinipa kulabu ya kufumia nikiwa bado nang'oka meno ya utotoni, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwangu kikabaki uchi. Redio nilifumia kitambaa. Chupa ya chai ina sweta. Televisheni ilipokuja ikapata shuka jeupe lenye maua pembeni, na mtungi wa gesi nao una gauni, tena lenye marinda. Wageni kutoka Dar wanacheka wakiona. Wakilala hapa Njombe siku moja tu ya mwezi wa saba, asubuhi hawacheki, wanaulizia kama kuna na la kwao.

Nayasema haya mapema ili ujue kosa langu lilikotoka.

Mwanangu wa mwisho ni mwanamume mzima, ameshapita miaka thelathini. Alikuwa mpakiaji wa mbao kwenye malori. Siku moja rundo la paini likaporomoka naye akiwa chini, akavunjika kiuno. Hospitali walimshughulikia vizuri, wakasema akae kwenye kiti kila siku, afanye mazoezi, na akijitahidi atatembea kwa magongo. Akarudi nyumbani akachagua kitanda. Akageukia ukuta. Ukuta wenyewe hauna kitu, una msumari mmoja tu ambao marehemu baba yake alikuwa akitundikia kofia. Mwanangu aliuangalia msumari ule miezi.

Kilichomgeuza ni laptopu. Mwenzake wa zamani wa kwenye malori, aliyehamia Makambako, alimletea moja kuukuu, nene kama Biblia na kitabu cha nyimbo vimepangwa pamoja, herufi zake zinawaka taa nyekundu. Mimi niliona nyekundu ile nikasema hiki kitu si cha Kikristo. Mwanangu akanifafanulia kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya gemu za vita, na mashine za gemu zina kadi ya picha yenye nguvu, na nguvu hiyohiyo mtu anaweza kuitumia kuchora nyumba. Akajifunza mwenyewe, palepale kitandani. Siku moja akaniita nione jiko langu ndani ya kioo. Akalizungusha, tukaliona kwa juu kama tuko kwenye mti, tukaingia mlangoni.

"Mlango umeuweka upande wa upepo," nikamwambia. "Moshi wote utakuja kwangu."

"Aa, mama naye! Umeshakuwa mkaguzi?" Lakini akauhamisha. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali.

Basi habari zikafika usharikani, na kamati ya ujenzi ikamwomba achore darasa la chekechea. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya watu wengi. Wakamwambia wataitazama Jumapili ya mwisho ya mwezi baada ya ibada, na wakiridhika watamletea na nyingine.

Sasa, huo ndio ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu unashuka mpaka humwoni mbuzi wako. Yeye anafanya kazi kitandani, laptopu iko mapajani juu ya blanketi. Asubuhi moja nikaigusa mgongoni kabla hajaiwasha, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaionea huruma. Nilikuwa na uzi wa bluu uliobaki kwenye masweta ya kwaya, nikaifumia sweta: chini uzi mara mbili, ubavuni nikabana vizuri, mbele nikaacha nafasi ya kioo na herufi. Nilipoivisha, mwanangu akaitazama muda mrefu.

"Mama, sasa hii imekuwa Mbena kama sisi."

Nikaona nimesifiwa.

Haikumaliza wiki ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Na mimi, kwa akili yangu, nikadhani ni baridi imeiingia kifuani, nikachomekea blanketi pande zote. Ikavuma zaidi. Mwanangu anahangaika, anafuta programu hii, anaweka ile. Mara juu ya paa la darasa ikapita mistari ya kijani na zambarau, kama kitenge kimetandazwa. Mwisho kioo kikawa giza. Akabonyeza, akabonyeza, akaiweka pembeni.

"Basi mama. Waambie kamati watafute mtu mwingine."

Akarudi kwenye msumari wake. Chakula cha mchana akakiacha. Mwenyekiti wa kamati nilipokutana naye sokoni nilimwambia kijana anaendelea vizuri, kazi iko ukingoni. Uongo, ndiyo, tena nilisema nikiwa nimeshika mboga za mtu mwingine.

Nikaichukua laptopu na sweta lake, nikaiweka kwenye kikapu, nikaifunika na kitenge juu, nikaenda Makambako kwa fundi niliyeelekezwa na yule mwenzake mwanangu wa kwenye malori. Makambako siipendi sana. Barabara zinakutana pale, watu wote wanakwenda kwingine, na upepo haupumziki, unakutia vumbi machoni kabla hujasalimia. Lakini baiskeli ya kwanza ya marehemu mume wangu ilinunuliwa pale, na alirudi nayo Njombe akiisukuma kwa sababu hajui kuiendesha. Hayo tuyaache.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, amekaa katikati ya laptopu zilizokufa kama mchinjaji. Nilimsalimia "Kamwene" akaitikia vizuri, ila lafudhi ikamsaliti kwamba ni Mkinga, na kweli akasema kwao ni Ipelele. Akaitoa laptopu kwenye kikapu, akaivua sweta, akaliweka mezani limekunjwa.

"Kwanza tusikisingizie kioo," akasema. Akachukua waya akaiunganisha na televisheni yake ya ukutani, akawasha. Kwa kuwa ilikuwa imepoa njiani, ikakubali kuwaka kidogo, na ile mistari ikatokea kote kuwili, kwenye laptopu na kwenye televisheni. "Umeona mama? Kingekuwa kioo chake, televisheni yangu isingeumwa. Mgonjwa ni kadi ya picha."

Akaigeuza, akafungua skrubu moja moja. Kwenye feni akaingiza kibano, akavuta. Kikatoka kitonge cha nyuzi za bluu kikubwa kama kifaranga. Akakitazama. Akalitazama sweta.

"Mama, hili kafuma nani?"

"Limefumwa Njombe."

"Njombe ni kubwa."

"Haya, nimefuma mimi."

Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Ninyi Wabena! Kila kitu mnakivisha. Ipo siku mtamvisha na jogoo."

"Na ninyi Wakinga mngeuza hata baridi ya kwenu, kama ingekaa kwenye gunia."

"Tulishaiuza mama. Ndiyo hiyo mliyo nayo Njombe."

Kisha akanieleza taratibu, na hapo kicheko kiliisha. Kumbe hii mashine inavuta hewa kwa tumboni na kutoa joto ubavuni. Baridi ndiyo rafiki yake. Mimi nilikuwa nimeziba huku na huku, nikaiweka juu ya blanketi, nikaichomekea. Kadi ikaungua polepole. Mimi huyu, ninayejua tangu utoto kwamba viazi ukivifunga kwenye mfuko wa nailoni usiopumua vinatoka jasho na kuoza! Nilikaa pale kwenye benchi nikatamani lile sweta linyauke.

"Inatengenezeka?"

"Una bahati ni ya zamani. Nyingi za siku hizi kadi imegandishwa kwenye ubao, haitoki. Hii inachomoka."

Nikamwuliza kama hawezi kuitibu ileile, niwahi gari. Akasema anaweza kuichoma kwa hewa ya moto, itaamka hata leo. "Halafu izime mbele ya kamati. Unataka?" Sikutaka.

Akachimba kwenye maiti zake, akapata kadi mpya zaidi, yenye nguvu sana. Akaifunga. Laptopu ikalia pi, pi, kioo kiko giza tu. "Imemkataa mgeni," akasema. "Kadi imezaliwa miaka mingi baada yake, mashine haimjui." Akaitoa. Akatafuta tena hadi akapata nyingine, akasema hii ni mdogo wake na ile iliyokufa, wa tumbo moja, ila ana nguvu kidogo kumzidi. Matundu ya skrubu yakalingana na bati la shaba linalobeba joto. Akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akapaka dawa ya kijivu kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, tena kwa Kibena, maana mambo mazito huwa siyapeleki kwa Kiswahili.

Ikawaka. Akailisha programu ya kuiongoza hiyo kadi, ikachukua muda mrefu, nikala mihogo miwili ya kuchoma. Mwishowe akafungua mchoro wa darasa, akauzungusha. Paa safi. Madirisha. Ndani mwanangu alikuwa ameweka viti vidogovidogo, sikuwahi kuviona. Nikafuta pua na ncha ya kitenge, nikausingizia upepo wa Makambako.

Kabla sijaondoka nikamwomba, "Baba, mwanangu akikupigia simu, mwambie lilikuwa vumbi tu."

Akafuta mikono kwanza. "Mama, nikisema vumbi ataiweka tena kwenye blanketi, na wewe utaifumia jingine. Kadi kama hii sina nyingine. Mwambie mwenyewe. Na kuanzia leo ikae mezani, juu ya kitu kigumu. Kitandani hata siku moja."

Nilikuwa nimefika nusu ya safari ndipo neno meza likaniingia. Meza maana yake kiti.

Nilimwambia jioni ileile, nimesimama mlangoni na sweta mkononi. Sikupamba. Alikasirika, na nisidanganye, alikasirika hasa. "Wiki nzima nahangaika na programu, kumbe ni sweta! Mama, nilipokuambia imekuwa Mbena nilikuwa nakutania, hukusikia?" Kisha kwa sauti ya chini, "Unafunika kila kitu. Hata mimi umenifunika."

Ningeweza kujibu kwamba palikuwa na baridi. Palikuwa na baridi kweli. Nikalikunja sweta, nikaondoka mlangoni.

Asubuhi nikaibeba meza ya cherehani, nikaiweka dirishani, laptopu juu yake, kiti mbele yake, magongo ya hospitali yakiegemea kitanda. Toka kitandani mkono haufiki. Nilipima makusudi. Nikatoka nje kumenya viazi.

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia kikombe kinaanguka, na neno ambalo sikumlea nalo. Kisu kikasimama mkononi, miguu yangu ikataka kwenda, nikaikalia. Nikamenya. Nilimenya debe zima, tukala viazi siku tatu. Baada ya muda mrefu nikasikia feni, mvumo mdogo, kama mtu anayelala vizuri.

"Mama! Lete mto, hiki kiti ni kigumu."

Nikaupeleka mto. Nikauweka mgongoni kwake, nikautoa mkono wangu upesi.

Jumapili kamati walibishana kuhusu vyoo vya watoto, kama kamati zote, na yeye amekaa kwenye kiti mbele yao anahamisha vyoo kadiri wanavyobishana, mpaka wakachoka wakakubali. Siku hizi anakaa pale dirishani tangu chai mpaka mchana. Baridi inampiga miguuni, naiona. Lile sweta la bluu nimelifumua, uzi uko kwenye kikapu, na kila siku mikono inaniwasha. Sijamfumia soksi. Nangoja aombe.