Brussels Ilikuwa Karibu Kuliko Walikale

Kwetu Kirolirwe, umbali ulipimwa kwa miguu. Sake ilikuwa mwendo wa siku moja kwa mtu anayejikaza. Walikale, alikoolewa dada yangu mkubwa, ilikuwa siku tano, na mvua ikinyesha usihesabu tena. Maharagwe mapya yakivunwa, mama wa nyumba hakuyaonja mpaka kila mtoto wake aliye ndani ya mwendo wa siku moja aje ale kwanza. Wa mbali hawakungojewa. Dada alisamehewa.

Miaka ile baada ya uhuru, kaka yangu alipata nafasi ya kusoma Ubelgiji. Alipanda ndege Goma hadi Leopoldville, na huko akapanda ile kubwa ya Brussels. Barua yake ya kwanza ilitufikia kupitia parokia baada ya miezi miwili. Mama hakujua kusoma, basi nilimsomea.

"Mama, usilie," aliandika. "Huku si mbali. Ndege iliondoka jua likizama, asubuhi nikaamukia Brussels."

Alitaka kumtuliza. Msomi mzima, lakini hakumjua mama yake.

"Usiku moja?" Mama aliuliza. "Basi iko karibu kuliko Walikale."

Hesabu yake iliruka Goma na Leopoldville, lakini nani angembishia? Maharagwe yalipoiva sote tukala, yeye hakugusa. Mavuno ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Katika nyumba inayokula maharagwe asubuhi na jioni, Mama aliishi kwa muhogo na majani yake, sombe, akakonda. Nilimkasirikia kaka, kisha nikalia, maana nami nilimkumbuka, hata utani wake kuhusu miguu yangu mirefu.

Siku moja nilimsihi Mama ale.

"Kama ingekuwa mbali, roho yangu ingetulia," alinijibu. "Lakini ni usiku moja tu. Mutoto wangu iko karibu vile, na hakuji. Ndiyo kusema amenikataa."

Ikaja barua nyingine. Masomo yalikuwa yameongezwa, miaka minne zaidi. Niliishika, nikaitazama mifupa ya shingo ya Mama, nikasoma yasiyoandikwa.

"Anasema ndege zimebadilika, Mama. Sasa inasimama kila fasi, inalala njiani. Ni wiki tatu."

"Wiki tatu?"

"Ao zaidi."

"Basi iko mbali," alisema, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Maskini mutoto wangu. Angekuja."

Jioni ile alikula, akaomba aongezewe. Nilimsogezea sahani yangu. Mama alikuwa amerudishiwa mtoto anayempenda, ila njia ndefu inamzuia. Mimi nilibaki na kaka ambaye angeweza kufika kesho asubuhi, na hakuja.