Mwenye Shamba Aliyetangulia

Harufu ya sukari guru ikichemka ndiyo iliyokuwa hewa ya utoto wangu huko Kabras, magharibi mwa Kenya. Ilitoka kwenye majiko ya kando ya mto, nzito na tamu, ikaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na ilipochanganyika na moshi wa majani makavu ya miwa, ulijua mavuno yamekaribia. Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa amefariki miezi michache kabla, na mama alikuwa akipalilia miwa peke yake katika shamba letu la ekari mbili, mikono ikichanwa na majani, akisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Adhuhuri moja alikuja baba mdogo Shikuku, mdogo wake baba, na karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Alieleza kwamba ni ya kuthibitisha shamba ni la mama, asije akasumbuliwa na mtu. Mama alisoma Biblia ya Kiluhya vizuri, lakini Kiingereza hakukijua, na hakuwa mjinga. “Siwekangi sahihi kwa kitu sijasikia,” alisema. “Nafula, soma, mama. Si mnasomanga Kizungu shuleni?”

Nilisoma kwa kujivuna. Mengi yalinipita, ila katikati palikuwa na jina la mama, na kando yake neno *previous*, kisha *owner*. Hayo niliyajua! Wiki ileile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba *previous page* ni ukurasa uliotangulia. Nikasema, “Imeandikwa mama ni mwenye shamba aliyetangulia.”

“Kutangulia ni kuwa mbele?” mama akauliza.

“Ndiyo, mbele.”

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali. “Umesikia, shemeji? Wewe ndiwe wa mbele.” Mama akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine.

Miwa ilipokomaa, wakataji waliingia shambani na mapanga yao, na aliyekuwa akiwaelekeza ni baba mdogo. Mama alikimbia kwa chifu, nami nyuma yake. Chifu alisoma karatasi mara mbili, akaiweka mezani. “Mama, hapa umekubali kwamba wewe ulikuwa mwenye shamba. Wa zamani. Mwenyewe sasa ni shemeji yako.” Wazee wa ukoo nao walisema sahihi ni sahihi. Tulibaki na nyumba na kipande cha sukuma wiki nyuma ya jikoni. Mama akaanza kulima vibarua kwa watu. Nilingoja anichape, ingekuwa nafuu. Alisema tu, “Wewe ulisoma vile ulifundishwa.”

Hasira ilinijia baadaye, nikiwa sekondari, nilipokumbuka kwamba baba mdogo alimaliza kidato cha nne. Kiingereza alikijua. Alisimama uani kwetu, akamsikia mtoto akikosea, akatikisa kichwa.

Leo neno hilo nalijua kila upande. Naliona katika barua za kazi, kwenye fomu za hospitali, katika bili za stima. Najua kwamba ukurasa uliotangulia unaweza kuurudia, lakini mwenye shamba aliyetangulia hana pa kurudi. Desemba iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu, baba mdogo alinishika mkono mbele ya watu, mvi zimemjaa, akaniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamuuliza kama siku ile alijua maana ya neno lile. Alitazama kikombe chake cha chai.

“Nafula, ulikuwa mtoto.”

“Ndiyo,” nikamjibu. “Wewe hukuwa.”

Shangazi zangu walinilaumu kwa kukosa adabu. Kesho yake alfajiri mama alichukua jembe, akapita kando ya miwa iliyostawi katika ekari zetu mbili, akaenda kulima kwa watu, na mgongo wake siku hizi haunyooki.