Msalaba tuupake wapi?

Juzi, kwenye dirisha la hospitali moja hapa Kindu, mama mmoja aliomba majibu ya damu ya mtoto wake, aliyekuwa mgongoni akichemka homa. Karani alipigapiga kibodi ya kompyuta, kisha akakunja mikono.

"Mama, ordinateri imekufa. Fundi anasema iko na virusi. Serikali moja ya mbali ilitengeneza hiyo virusi kwa kupiga adui yake, sasa imetufikia siye."

"Siye tuko adui ya nani?"

Karani akainua mabega. "Hawakutulenga, mama."

Hawakutulenga! Wakati wa vita tulipaka msalaba mwekundu juu ya paa la hospitali hiyo hiyo, na hata wenye bunduki waliuona wakapita. Leo wakubwa wa dunia wanabishana kama virusi ni silaha halali. Wabishane watakavyo, lakini kwanza watuambie: kwenye ordinateri, msalaba tuupake wapi?