Mlio wa Bunduki Katika Tamthilia ya Jumapili

Mama mmoja wa Sindo alikuja kwenye stesheni yetu ya redio hapa Homa Bay siku ya Alhamisi asubuhi. Alikuwa na ombi moja tu. Mlio wa bunduki uliosikika katika tamthilia yetu Jumatano jioni uondolewe kabla ya marudio ya Jumapili. Nilimkalisha kwenye benchi la mapokezi. Lakini kabla sijasimulia aliyoniambia, sharti nieleze jinsi mlio wenyewe ulivyotufikia, maana kinyaa changu kilianzia huko.

Tamthilia yetu inauliza swali la kubuni: ingekuwaje kama vile vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyopitia kwetu vingeisha kwa namna nyingine, watu wa ziwa wakabaki na jeshi lao, makao yake kisiwani Takawiri? Siiandiki mimi. Niliwahi kuwa mwandishi wa habari, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuhakiki. Ikisemwa askari wamekula ugali, nauliza unga ulitoka wapi. Kuhusu silaha nilikata shauri mapema. Jeshi kama hilo lingekuwa na bunduki kuukuu za Kijerumani, zile za risasi moja moja. Unapiga, unavuta komeo, unatoa ganda, unatia nyingine, na muda wote huo moshi mweupe umekufunika uso. Baruti nayo ingepata unyevu wa ziwa, risasi nyingine zikakataa kuwaka.

Nilidhani wasikilizaji wangevutiwa na shida hizo. Wao walitaka bunduki yenyewe. Wanaume wazima, wenye kazi na watoto, walipiga simu kubishana juu ya urefu wa mtutu na jinsi risasi inavyoweza kuvuka kutoka kisiwa hiki hadi kile. Kipindi ambamo kijiji kizima kilizikwa hakikupigiwa simu hata moja. Nilikuwa nikiweka simu chini nahisi kama nimeshika kitu chenye mafuta machafu.

Kisha wakalalamikia mlio. Fundi wetu wa sauti alikuwa akipiga ubao juu ya meza ya studio. Msikilizaji wa Kisegi akatuuliza hewani, "Sasa hiyo ni bunduki ama kuna mtu anafunga mlango wa choo?" Studio nzima ilicheka, nami nikacheka. Kuanzia hapo kila ujumbe ukawa wa mlango wa choo.

Mkuu wa vipindi hakucheka. "Omera, ndugu yangu, watu wanataka bunduki ya kweli," aliniambia.

Fundi akaleta sauti, akasema ameitoa mtandaoni. Kwanza mwanamume anaita kwa Kijaluo, "Dog chien, dog chien," yaani rudi nyuma. Halafu milio mitatu mfululizo. Nilimwambia mkuu kwamba bunduki ya komeo haiwezi kulia hivyo, hiyo ni silaha ya siku hizi.

"Nani atajua?"

"Si ndiyo kazi uliyonipa, kujua?"

"Umeshajua. Sasa enda ukunywe chai. Na huyo anayeita mumwache, anafanya ikae ya huku kwetu."

Ilienda hewani Jumatano. Simu zilijaa sifa. Mzee mmoja aliapa kwamba babu yake alikuwa na bunduki kama hiyo ya Kijerumani na ililia vilevile.

Sasa huyu mama. Alizungumza polepole, mkoba wake mapajani.

"Huyo anaita ni jirani yetu. Alikuwa na kijana wangu Migori, kwa duka ya tairi, siku ile ya maandamano. Alimwambia arudi nyuma. Na hizo risasi ndizo zilimpata."

Nilimuuliza kama ana hakika. Lilikuwa swali la kazi, likanitoka lenyewe.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo klipu nimetumiwa na watu mpaka najua kila kitu iko ndani. Najua mahali mtu anakohoa."

Akaniambia kwa nini Jumapili. Baba wa kijana ni mvuvi, huwa majini wiki nzima, na simu yake haionyeshi picha. Kila aliyetaka kumsikilizisha ile klipu, mama alimzuia mlangoni. Jumatano alikuwa majini. Jumapili hukaa na redio.

"Na hiyo hadithi yenu anaipenda," alisema. "Anaipenda kushinda habari."

Nilimpeleka kwa mkuu. Alikuwa anatafuna njugu. Nilimweleza shida yote, na kabla sijaweza kumzuia akabonyeza kompyuta ili, alivyosema, ahakikishe. Dog chien, dog chien. Milio mitatu. Mama alishika ukingo wa meza. Mkuu akarudisha nyuma, akaicheza tena, kichwa kimeinama upande kama anayeonja mchuzi. Nilinyoosha mkono nikaizima.

"Pole, mama," alisema. "Lakini hii kitu iko kwa simu ya kila mtu. Haya, tufanye hivi. Huyu wa kuita tutamtoa. Tubaki na mlio. Mlio ni mlio tu."

"Toa yote," mama alisema.

"Watu watatucheka."

"Wacha wawacheke."

Mkuu alivuta pumzi. "Basi fundi atafute ya nchi nyingine. Vita si iko kila mahali?"

"Na huko hakuna mtu anasikiza redio?" mama aliuliza.

Mkuu alirudi kwenye njugu zake. Maganda yalikuwa yamemjaa juu ya shati, naye hakuyapangusa. Nimeona maiti katika kazi yangu ya zamani, na sikuwahi kutaka kutapika kama nilivyotaka mbele ya maganda yale.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, vipokea sauti shingoni. Aliinama akauokota ule ubao wake, ambao siku hizo ulitumika kuzuia mlango wa ofisi, akaelekea studio. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mkuu hakumwita arudi.

Jumapili nilikaa na fundi tukirusha marudio. Alipiga ubao mara moja, akangoja askari wa kubuni avute komeo, akapiga tena. Kwa mara ya kwanza bunduki zile zilipiga kwa mwendo uliowezekana. Ujumbe wa kwanza ukaingia: "Mlango wa choo umerudi." Ukafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alituuliza tumewaficha wapi wanaume.

Baadaye simu yangu ililia. Alikuwa yule mama.

"Baba ya kijana amesikiza yote mpaka mwisho."

"Akasema nini?"

"Amesema hiyo bunduki yenu haiwezi kuua hata panya."

Nyuma yake nilisikia mwanamume akicheka. Nikamwambia mama amjibu kwamba ni kweli, haiwezi.