Mwalimu Aliyeacha Nafasi Tupu

Habari ya kifo cha mwalimu wetu wa jim, somo la mazoezi ya mwili, ilinikuta sokoni Kasongo, fungu la sombe, majani ya muhogo, mkononi. Aliyenipa ni mwendesha pikipiki mmoja anayekwenda na kurudi kila wiki kati ya hapa na Salamabila, mtu niliyekaa naye darasa moja miaka yote ya sekondari. Hata pikipiki hakuizima. "Mwalimu ya jim amekwenda," akaniambia. "Juzi. Wamemuzika kule kwake, upande wa Lusangi." Nikamuuliza ameugua nini. "Homa. Na miaka." Halafu akauweka mkono wake sawa na kitovu, kiganja chini, kama anapima kitu, akacheka, na macho yake yakawa mekundu. Nilimwelewa. Huo ndio urefu wa kamba aliowahi kuuruka akiwa na miaka kumi na sita, na hakuna siku amekutana nami bila kunikumbusha kwamba mimi sikuufikia.

Wasomaji wangu mnanijua, simsifu marehemu kwa sababu tu amekuwa marehemu. Mwalimu huyu alikuwa mgumu na mwenye maneno makali, na kuna mwaka mmoja mzima nilimchukia. Lakini tangu jumanne ile sokoni nimekuwa nikiisikia filimbi yake. Aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kaptula yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mstari ulionekana mbali, na magoti yake yalikuwa makubwa kama ya mtu mwingine. Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya shule, kimeinama kidogo upande wa mto, kwa hiyo mpira ukitoka ulikuwa unaondoka kabisa. Huko chini alichimba shimo la kurukia. Mchanga hakuutaka, alisema ukilowa unageuka udongo na udongo unavunja watu. Kila mwanzo wa muhula alitutuma kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kila mmoja alete nusu gunia la makapi, tukayamwaga humo. Tulirudi darasani tunajikuna mpaka jioni, na mwalimu wa hesabu akalalamika kwamba darasa zima linanuka mpunga mpya. Leo nikipita karibu na mashine yoyote ya mpunga nasikia uchangamfu miguuni, kama mtu anayeitwa.

Tulianza kwa kuogopa. Alikuwa anafunga kamba kwenye mti mmoja wa mianzi, ncha nyingine anaishika mwenyewe, anasema, "Muguu ya karibu na kamba ndiyo inatangulia, mama. Ile ingine itafuata yenyewe." Wasichana wote alituita mama, hata wa miaka kumi na miwili. Siku moja akaja mzee mmoja, baba wa mwenzetu, mtu wa swala tano anayeheshimiwa mtaani kwao, akasimama pembeni ya kiwanja na fimbo yake. "Mwalimu," akasema, "binti yangu hataruka mbele ya vijana. Mwanamuke akiruka ruka anaharibika tumbo, na tena mapaja yanaonekana." Sisi tulijua mwalimu hana subira. Lakini siku ile alikuwa nayo. Akawafukuza wavulana wote na mpira wao upande wa juu. Akamwambia binti avae suruali ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, na kitambaa cha kichwa akifunge vizuri. Kisha akamgeukia mzee. "Baba, mapaja utayaona wapi sasa? Na mkono wangu umechoka. Hii kamba utaishika weye." Mzee akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaiegemeza fimbo yake kwenye mwanzi, akaishika kamba. Binti akaruka mara ya kwanza. Akaruka ya pili. Ya tatu tukamsikia mzee anasema kwa sauti ya chini, "Hii iko chini sana kwake. Nipandishe kidogo?" Alhamisi tatu zilizofuata, siku yetu ya jim, alirudi, eti kumchunga binti yake, na kamba hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika.

Sasa nifike kwenye mwaka nilipomchukia. Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Shule ilitaka kujenga ofisi mpya, na prefe wa wakati ule, mkuu wa shule yetu, akaamua kwamba saa ya jim iwe saa ya salongo. Mnaijua salongo, kazi ya pamoja isiyo na mjadala. Mwaka wote tukabeba matofali kutoka kwenye tanuru mpaka shuleni, vichwani, kwa mstari. Mwalimu alikuja kila alhamisi na filimbi yake, akasimama, akatutazama tunapita, akarudi nyumbani. Tulifikiri amekubali. Mwisho wa mwaka tukapewa bulteni zetu, ile karatasi ya pointi ambayo mzazi anatia sahihi chini. Somo la dini, pointi. Kifaransa, pointi. Kwenye elimu ya mwili, darasa zima, nafasi tupu. Hakuandika hata sifuri. Na mimi, ambaye hesabu ilikuwa imenipiga vibaya, bila pointi za jim nilikuwa chini kidogo ya nusu. Maana yake narudia darasa. Maana yake baba yangu, aliyekuwa amekwisha kusema kwamba nikianguka nibaki shambani, anapata sababu yake.

Tulikwenda ofisini kwa prefe kama kundi la nyuki, wanafunzi na wazazi. Prefe alikuwa amemwita mwalimu. Nilisimama mlangoni, kwa hiyo maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu. Prefe akasema, "Mwalimu, andika sita kila mutoto, watu warudi kwao." Mwalimu akajibu, "Sita ya nini?" "Ya jim." "Hawakukimbia, prefe. Hawakuruka. Walibeba matofali. Kama kuna somo ya matofali, weka mustari wake kwenye bulteni, nitawapa kumi juu ya kumi, maana walibeba muzuri." Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, wengine wakamzomea. Prefe akapiga meza. Mwalimu akasema basi yeye hataandika kitu ambacho hakukiona, lakini akipewa watoto juma moja la likizo, atawafundisha, atawapima, na nafasi itajazwa. Hivyo ndivyo darasa letu lilivyofanya repeshaji ya jim, yaani mtihani wa pili, ule wa walioanguka. Mji mzima ulitucheka. Baba yangu alikaa mlangoni akanitazama nafunga kamba za viatu vya kuazima. "Repeshaji ya hesabu nimeisikia," akasema. "Repeshaji ya kukimbia, hiyo iko ugonjwa gani?"

Juma zima tulifanya mazoezi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Siku ya mwisho tukakimbia kuzunguka kiwanja mara tatu, mmoja mmoja, yeye na saa yake ya mkono. Mzunguko wa pili mbavu zilinishika nikataka kuketi. Alikuwa anatembea pembeni kwa ndani, hakunitia moyo hata kwa neno moja zuri. Alisema tu, "Mama, pumua. Kulia hakukuondolei mita." Nilimaliza wa mwisho kati ya wasichana. Nikaruka kamba mara mbili, ya tatu nikaiangusha. Akafungua daftari, akaniandikia nne juu ya kumi mbele ya macho yangu, akanionyesha, akaniuliza, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa, huku namchukia. Hiyo nne ilinivusha. Nilipita darasa kwa pointi ambazo zinahesabika kwenye vidole, na baba akakosa sababu yake. Bulteni ile ninayo mpaka leo kwenye sanduku. Pointi zangu nyingine zote siwezi kukueleza zilitoka wapi. Hiyo nne ninaweza kukuonyesha mahali nilipoitolea jasho, kama pangekuwepo bado.

Maana hapapo. Kiwanja kimekatwa parseli, vipande vya kujengea nyumba. Vigingi vimepigwa mpaka kwenye shimo la makapi, nyumba mbili zimekwisha kupanda, na panapobaki pameota muhogo. Sikusema lolote vilipopigwa vigingi, na ninajilaumu, kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni na shughuli zangu, nikafikiri wengine watasema. Wengine nao walikuwa na watoto migongoni. Wale tuliokimbia nao wengi wamekwenda Salamabila kutafuta dhahabu, wanapanda vilima na magunia kichwani, miguu ile ile. Shule zimeongezeka, watoto wamejaa mpaka madirishani, na hilo ni jema. Lakini tumeanza kuamini kwamba mtoto ni kichwa peke yake, mwili anakuja nao tu kwa sababu hana pa kuuacha.

Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa nane, ambao kwa hesabu ya siku hizi ndio wa pili wa sekondari, shule ile ile. Nilimzaa nikiwa nimetoka tu kumaliza, kwa hiyo tumekua pamoja kidogo. Muhula huu ameleta bulteni, na kwenye elimu ya mwili kuna nane juu ya kumi, imeandikwa kwa wino mzuri. Nikafurahi, nikamuuliza alifanya nini. "Tulinakili, mama," akasema, akaleta daftari. Kweli, kurasa nne za Kifaransa safi: kuruka juu ni nini, sehemu zake ni ngapi, faida zake kwa mwili. Nikaifungua kamba ya nguo, nikaifunga upya kati ya mpapai na nguzo ya jiko, usawa wa goti. "Haya, mwenye nane. Ruka." Akaja mbio, akasimama mbele ya kamba kama mbuzi mbele ya maji. Akanitazama. "Muguu gani inatangulia?" Nikamwambia aangalie kwenye daftari lake. Akageuza kurasa, kwa bidii kabisa, maskini, mtoto wangu ni mtiifu. "Hawakuandika," akasema. Ilikuwa siku nne tu kabla ya kuipata habari ile sokoni.

Kilio kilifanyika pia hapa Kasongo, kwa ndugu zake. Tulikuja wengi, kina mama watu wazima, wengine wa mitandio, wengine wa kwaya, tukakaa mikekani tukikumbushana nani alianguka vipi. Binti wa mzee yule wa fimbo alikuwepo, sasa ni mkunga, akasema baba yake mpaka anakufa alikuwa akijisifu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kuruka. Tulicheka kwa machozi. Halafu prefe wa sasa akasimama kusema kwa niaba ya shule. Akasema marehemu aliipenda michezo, na shule itaiendeleza kazi yake. Sikujizuia. "Itaiendelezea wapi, prefe? Kwenye muhogo?" Dada mmoja akanivuta kikwembe nikae. Nilikaa. Kilio cha mtu si mahali pa kumaliza ugomvi, na kwa hilo niliwaomba radhi wafiwa.

Jumatatu nikaenda shuleni na bulteni ya mtoto. Prefe alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia nimekuja kuomba hiyo nane ifutwe. Alidhani hajasikia. "Siko naelewa, mama. Wazazi wanakuja hapa kuomba pointi ziongezwe. Weye unaomba mutoto wako apunguziwe?"

"Sitaki apunguziwe. Naomba muache nafasi tupu mpaka aruke."

"Na kiwanja kiko wapi?"

"Hilo ndilo swali langu mimi kwako."

Akapumua. Akaniambia jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu ni la haki: vigingi alivikuta, mwalimu wa jim aliyenaye anafundisha masomo matatu, na inspekta akija haulizi kiwanja, anauliza pointi. Nilimhurumia. Kisha nikamwambia kwamba nyuma ya madarasa kuna uwazi wa kutosha shimo moja na kamba moja, na makapi ya mpunga hayajaisha Kasongo. Akasema ataangalia. Akasukuma bulteni kwangu pamoja na kalamu. "Tia tu sahihi, mama. Bila sahihi mutoto hataingia darasani muhula ujao, iko sheria."

Niliikunja nikaondoka nayo. Iko nyumbani, juu ya kabati, mahali pa sahihi yangu pako wazi. Binti yangu anaogopa, ameniuliza mara mbili, "Mama, nikifukuzwa?" Na mimi naogopa, sitawadanganya. Nimemwambia nitampeleka mimi mwenyewe siku ya kwanza, nikae naye mlangoni. Wakati tunasubiri, ile kamba bado iko kati ya mpapai na jiko, nguo naanika kwenye ukuta. Jana aliivuka usawa wa goti, mguu wa karibu na kamba ukitangulia. Leo asubuhi, nilipoamka, nilikuta mtu ameipandisha kidogo.

Mwalimu wetu hakuacha nyumba ya maana wala picha ukutani, filimbi nimesikia amezikwa nayo. Mimi ameniachia jambo moja, nami nawapa ninyi wazazi wenzangu ambao bulteni ziko mezani wiki hii. Mtoto akikuletea pointi nzuri za jim, usishike kalamu haraka. Funga kamba uani, kisha umuulize mguu gani unatangulia.